Lalamiko la Bega la Kushoto

Mguu wa Mzee Lawama uliteguka siku ya pili ya safari, huko ugenini, kwenye ngazi ya mwisho ya basi, na kabla hajafika chini alikuwa ameshajua wa kumlaumu. Ni Mwenyekiti wa chama chao. Mwenyekiti ndiye aliyesimama mlangoni akipiga makofi, "Haraka jamani, haraka, tutachekwa," na mtu akiharakishwa hukanyaga asipopaona. Wakati anafungwa bandeji aliwakumbuka na wengine: wakubwa wa mji ule walioacha ukingo wa barabara umemomonyoka kama jino bovu, wenye mabasi, hata mshona viatu. Lakini hao walikuwa wasindikizaji tu. Mwenyekiti ndiye bwana harusi.

Jina la Lawama hakupewa na wazazi wake. Alipewa kiwandani, kwenye ghala la marobota ya pamba alikofanya kazi mpaka nywele zikafanana na pamba yenyewe. Shule aliiacha mapema, akiwa bado anahesabu kwa vidole, ila kuna jambo moja alilijua bila kufundishwa na mwalimu: kila palipoharibika pana mtu aliyepewa kiti akakikalia. Mvua ikinyesha ndani ya ghala, alimtaja aliyepewa kiti cha mapaa. Chai ikiwa baridi, alimtaja aliyepewa kiti cha jikoni. Watu walimcheka, kisha wakienda kukaa wenyewe walikuta mara nyingi hakukosea.

Msafara ulikuwa wa chama cha wastaafu wa kiwanda hicho cha nguo. Nafasi mbili zilikuwa zake na mkewe. Mkewe akatangulia mbele ya haki kabla siku haijafika, kwa ugonjwa wa moyo, na yeye akaapa kwamba hatoki nyumbani hata kwenda dukani. Binti yake ndiye aliyemfungia mzigo.

"Baba, nenda," alimwambia akikunja mashati. "Mama alikuwa na shughuli yake huko. Nani ataifanya?"

 Akaenda.

Kiongozi wa msafara alikuwa binti mrefu aliyetembea ameinua mwavuli uliofungwa, jua liwake lisiwake, ili wazee wamwone kwa mbali. Alikuwa na utaratibu wake. Aliwafunga wasafiri wawili wawili, kila jozi na kitambaa cha rangi yake shingoni. Mmoja akipotea, mwenzake ndiye wa kuulizwa. Mmoja akiugua akabaki hotelini, mwenzake anabaki naye. Mume alifungwa na mke, shoga na shoga. Mke wa Mwenyekiti aliogopa ndege, hakuja. Mke wa Mzee Lawama yuko kaburini. Basi vilipogawiwa vitambaa, kikabaki cha kijani na wazee wawili wasiotazamana.

"Kazi ya Mungu haina makosa," alisema Mama Pacha akiwatazama. Huyu alikuwa shoga wa marehemu tangu ujana, wote wawili wafumaji wa chumba cha mashine.

"Kazi ya Mungu haina," alijibu Mzee Lawama. "Hii ni ya mwenye mwavuli."

Siku mguu ulipoteguka, Mwenyekiti alikimbia kumwinua, akamshika kwapa la kushoto.

"Njoo kulia," Mzee Lawama alimwambia, bado amekaa chini. "Kushoto pana mtu."

Mwenyekiti akageuka kutazama kushoto. Hapakuwa na mtu. Akahama kulia bila kuuliza, kwa sababu mtu mwenye maumivu huachiwa maneno yake.

Sasa, kuhusu huyo mtu wa kushoto.

Mke wa Mzee Lawama alikuwa mfupi, anamfika mumewe kifuani. Mashine aliyopewa alipoajiriwa ilikuwa na mkono wa chuma wa kuwashia, na ubavuni ina kibao cha shaba chenye picha ya jogoo, alama ya kiwanda cha ng'ambo kilichoiunda. Uzi ukikatika, mashine ilisimama ghafla na ule mkono ukaruka nyuma kama teke la punda. Kwa wafumaji warefu ulipita chini ya kwapa, hawana habari nao. Kwa wafupi ulitua begani. Na uzi hukatika kila wakati, hiyo ndiyo tabia ya uzi.

Wakati huo Mwenyekiti hakuwa Mwenyekiti. Alikuwa msimamizi wa chumba cha mashine, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni. Mwanamke yule alimfuata, akasimama mbele yake kwa adabu, akasema, "Bwana msimamizi, mkono wa mashine yangu unanipiga bega. Naomba ushushwe."

Msimamizi hakumtukana. Alitabasamu tu. "Mama, mashine imekuja hivyo hivyo kutoka kwao. Ukiona vipi, nenda kawaambie walioiunda."

Chumba kizima kilicheka, na yule mwanamke akacheka nao. Nyumbani akaugeuza msemo. Chumvi ikizidi kwenye mboga, "Nitakwenda kuwaambia walioiunda." Mtoto akilia bila sababu, "Huyu nitakwenda kuwaambia waliomuunda," na anamtazama mumewe. Lakini bega halikucheka. Lilivimba, likapoa, likavimba, mwisho likashuka chini kuliko lenzake. Mumewe hakuweza kumwekea mkono begani maana alishtuka hata kwa unyoya. Matembezini akajizoeza kukaa upande wake wa kulia, upande mzima, asije akamgonga. Ndoa yote walitembea hivyo, mke kushoto, mume kulia. Na sasa alipotembea peke yake, bado aliacha nafasi ya mtu mmoja upande wa kushoto. Barabarani watu walidhani ni ulevi.

Kumbe katika ratiba ya safari ile, siku moja ilikuwa ya kuzuru kiwanda chenye alama ya jogoo, ambacho siku hizi hakiundi kitu, kinaonyeshwa wageni tu. Mwenyekiti ndiye aliyependekeza, apate kupigwa picha. Mke wa Mzee Lawama aliposikia, alikaa chini kitandani, akasema taratibu, "Basi nitakwenda kuwaambia kweli." Akaanza kupanga maneno yake akiwa anapepeta mchele. Akafa hajayasema.

Hiyo ndiyo shughuli iliyomtoa Mzee Lawama nyumbani. Miji mingine yote alikuwa anasindikiza.

Asubuhi ya siku hiyo, mezani kwa chai, binti wa mwavuli alikuja akainama sikioni kwake.

"Babu, leo pole sana. Wanakofumia ni ghorofani, na lifti yao mbovu. Daktari kasema mguu usikanyage chini. Utapumzika hapa na mwenzio. Kuna bustani nzuri."

"Nani anasimamia hiyo lifti?"

"Sijui, babu."

"Hamjui kamwe," alisema, akakoroga chai yake.

Mwenyekiti alifuta mdomo kwa kitambaa cha karatasi. "Hakuna neno, binti. Mimi nitabaki naye. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini mimi nimeukubali. Tutakaa bustanini tuzungumze mambo ya zamani."

"Mambo ya zamani yako ghorofani," Mzee Lawama alisema. "Nina ujumbe wa kupeleka."

"Ujumbe wa nani?"

"Wa marehemu. Na aliyemtuma ni wewe."

 Mwenyekiti alitazama huku na huku, akitafuta usoni mwa wenzake ni ujumbe gani. Hakukumbuka. Hilo ndilo lililomkera Mzee Lawama kuliko tusi. Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Marehemu alikuwa amelibeba neno lile mpaka kaburini, na huyu aliyelitoa alilitema kama ganda la karanga.

"Babu," binti wa mwavuli alisema kwa upole, "mguu haukanyagi chini. Siwezi kuvunja sharti la daktari."

"Hautakanyaga. Ngazi nitazipanda kwa makalio."

Mama Pacha alipaliwa na chai.

"Na mguu wenyewe?" binti aliuliza, naye akizuia kicheko.

Mzee Lawama alikishika kitambaa chake cha kijani shingoni, akakitazama cha mwenzake. "Mguu una mwenyewe. Si mlisema tuko jozi?"

Mwenyekiti alikishika cha kwake. Utaratibu wa jozi alikuwa ameusifia mwenyewe kwa hotuba ndefu, uwanja wa ndege, mbele ya watu wote.

Wakaenda.

Kiwanda kile kilikuwa cha matofali mekundu, madirisha marefu, sakafu imesuguliwa mpaka inang'aa. Ngazi zake zilikuwa za mbao na pana. Mzee Lawama alishushwa kutoka kwenye kiti cha magurudumu, akakaa ngazi ya kwanza ameupa mgongo upande anakokwenda, akasukuma kwa viganja, makalio yakapanda ngazi ya pili. Mwenyekiti alikuwa chini yake, amepiga magoti nusu, ameushika mguu wa bandeji kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

"Inua," Mzee Lawama alisema.

Akainua.

"Usivute."

"Sivuti, bwana."

"Unavuta."

Wenzao waliwapita pembeni wakijitahidi kutazama ukutani. Mama Pacha hakujitahidi. Alisimama akaegemea reli ya ngazi. "Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Shemeji, leo naona wa juu kashafika chini, na wewe bado unapanda."

"Nenda zako, mama," Mwenyekiti alisema akihema. Jasho lilimtoka kwenye upara na kushuka mpaka kitambaa cha kijani. Alikuwa mzee naye, tena mwenye vidonge vya presha mfukoni mlimokuwa na kalamu. Mzee Lawama aliliona hilo. Aliliona, akasukuma ngazi nyingine.

Walipofika juu, walikuta wenzao wameizunguka mashine moja. Hakuhitaji kuambiwa. Kibao kilikuwa palepale ubavuni, jogoo wa shaba ameinua kifua. Aliijua kama mtu anavyomjua mtu aliyesimuliwa kila siku mezani. Na mkono wa kuwashia ulikuwa palepale, mweusi, unang'aa kwa kushikwa.

Mfumaji aliyeonyesha kazi alikuwa mama wa makamo mwenye aproni ya mifuko mikubwa. Aliongea lugha yao, binti wa mwavuli akayageuza kwa Kiswahili. Alipomwona mzee wa bandeji amesimama kwa mguu mmoja, amemwegemea mwenzake, alisukuma kwa mguu stuli ndefu, akampigia kiganja kwenye kiti chake: kaa. Mzee Lawama akakaa, ubavuni kabisa mwa mashine, mahali ambapo mkewe angesimama.

Maneno alikuwa nayo tayari kooni. Alikuwa ameyafanyia mazoezi kwenye ndege, ameyanoa kitandani mguu ukimpwita. Nyinyi mlioiunda hii mashine, mlimpimia nani? Hamkujua kwamba duniani kuna wanawake wafupi? Alivuta pumzi.

Yule mama alikuwa ameshika mkono wa mashine tayari kuiwasha, akasita. Alimtazama Mzee Lawama, akautazama mkono. Kwa vile mzee amekaa, chuma kilikuwa usawa wa bega lake, la kushoto. Mama akatikisa kichwa. Alitoa spana kwenye mfuko wa aproni, akalegeza nati moja, akauchomoa mkono kutoka kwenye tundu lake, akaushusha. Chini yake palikuwa na tundu jingine. Na chini ya hilo, jingine. Akauweka kwenye la chini kabisa, akakaza nati, akarudisha spana mfukoni. Alifanya hivyo kama mwenyeji anayemsogezea mgeni kiti. Kisha akawasha.

Mashine ililia kilio kile kile. Akakata uzi kwa makusudi ili waone inavyosimama yenyewe. Mkono ukaruka nyuma, ukapita mbavuni mwa Mzee Lawama pasipo kumgusa hata shati.

 Wageni wa kawaida wangepiga makofi, lakini hawa hawakuwa wageni wa kawaida. Kina mama wa chumba cha mashine walikuwa wanatazama yale matundu. Mmoja alijishika bega. Mama Pacha, ambaye hakuwa mrefu naye, alikuwa ameshalishika la kwake, na kicheko chote kimemtoka usoni.

"Za kwetu zilikuwa na matundu?" aliuliza.

Alikuwa anauliza hewa, lakini binti wa mwavuli akageuza. Yule mama wa aproni alishangaa swali. Zote zinayo, alisema. Zimetoka nayo hapa. Wafumaji hawalingani urefu, mngefanyaje? Labda yalijaa grisi na vumbi la pamba. Hapa kuna mtu wa kuyasafisha na kupima mkono kila anapokuja mfumaji mpya.

"Mtu gani?" Mzee Lawama aliuliza.

Msimamizi, alisema mama. Nani mwingine?

Mzee Lawama alibaki juu ya stuli. Maneno aliyoyabeba kutoka nyumbani yalikosa mwenyewe. Watu wa jogoo walikuwa wamemfikiria mkewe. Walimtobolea tundu lake kabla hajazaliwa pengine, wakalipeleka ng'ambo ya dunia, likakaa pale, usawa wa kiuno chake, limezibwa na uchafu ambao spana na kitambaa vingeuondoa kabla chai haijapoa. Aligeuza kichwa. Mwenyekiti alikuwa nyuma yake, upande wa kulia, kama alivyofundishwa.

"Sikujua," Mwenyekiti alisema. Sauti haikuwa ya hotuba. "Wallahi sikujua kama yapo. Zile mashine nilizikuta zimeshafungwa. Na mimi nilikuwa na wa juu yangu."

"Kila mtu ana wa juu yake," Mzee Lawama alisema. "Tukienda hivyo tutafika kwa Mungu, naye atasema kamuulizeni msimamizi."

"Sikujua, bwana."

"Kujua ndiyo ilikuwa kazi yako. Ya kwangu ilikuwa kubeba marobota, nikabeba. Ya kwake ilikuwa kufuma, akafuma. Ya kwako ilikuwa hiyo."

 Binti wa mwavuli alisogea, akiwa hajaelewa vizuri ila anaona kwamba kuna jambo. "Babu, mama anauliza kama una la kumwambia. Amesikia umekuja na ujumbe."

"Mwambie ujumbe haukuwa wake. Anwani ilikosewa. Mwambie mashine yao haina kosa, na marehemu alimpangusa huyo jogoo kila asubuhi." Akauonyesha mkono wa chuma kwa kidole. "Mwambie na aurudishe mkono juu, pale ulipokuwa."

Binti akageuza. Mama wa aproni akamtazama mzee, kisha akafanya alivyoombwa. Chuma kikarudi usawa wa bega.

Mzee Lawama alijigeuza juu ya stuli mpaka akamwelekea Mwenyekiti. Aliweka mikono magotini, kwa adabu. Alisema polepole, kwa sauti ambayo haikuwa yake, sauti ya mtu anayejua nafasi yake:

"Bwana msimamizi, mkono wa mashine yangu unanipiga bega. Naomba ushushwe."

Hapo Mwenyekiti akakumbuka. Ilionekana. Uso wake ulilegea kama hema lililotolewa kigingi. Aliwatazama kina mama, mmoja mmoja, waliokuwa wamesimama wakingoja kama walivyowahi kungoja siku ile, isipokuwa leo hakuna aliyecheka. Alinyoosha mkono kwa yule mama wa aproni. Mama akampa spana.

Ilimchukua muda. Vidole vyake vilikuwa vya kalamu, na nati ilikuwa imekazwa na mtu anayejua kukaza. Alipouchomoa ule mkono alishangazwa na uzito wake, akauweka tundu la katikati.

"Bado," Mzee Lawama alisema.

"Hapa si—"

"Alikuwa ananifika hapa." Alijigusa kifuani. "Shusha."

Akashusha mpaka tundu la chini kabisa, akakaza, akafuta kiganja kwenye suruali yake nzuri. Akauliza kile ambacho msimamizi huuliza, ingawa hakuwahi kumuuliza mtu:

"Pamekaa sawa?"

Mzee Lawama aliutazama mkono ule. Alitazama na nafasi iliyo juu yake, pale ambapo bega lingekuwa, zima, limelingana na lenzake.

"Pamekaa," alisema. "Umechelewa, lakini pamekaa."

"Nisamehe."

"Mimi sikupigwa bega. Waliopigwa ni hao." Akaonyesha kwa kidevu. "Tukirudi, utasimama kikaoni uwaambie na waliobaki nyumbani. Usiseme mitambo. Usiseme kampuni. Useme mimi."

Mwenyekiti alitikisa kichwa kukubali. Mama Pacha akalegeza mkono kutoka begani. "Na asipofika kikaoni?" aliuliza.

"Atafika," Mzee Lawama alisema. "Yuko jozi na mimi."

Mwavuli ukainuliwa, basi lilikuwa linangoja. Watu wakaanza kushuka. Kabla hajaondoka, Mzee Lawama alimpangusa yule jogoo kwa ncha ya kitambaa cha kijani, ingawa alikuwa safi.

Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Alikaa ngazi ya juu kabisa, akasogea kushoto kidogo kwanza, kisha akakumbuka, akarudi kulia kuiacha nafasi yake. Mwenyekiti alitangulia kinyumenyume, uso kwa uso naye, amelishika lile fundo la bandeji mikononi. Akatafuta ngazi kwa kisigino, akaipata.

"Nikiushusha vibaya uniambie," alisema.

"Nitakuambia. Wewe kazi yako ni kusikia."